Chupa Iliyotikiswa Kakuma

Akiru, andika kwamba mimi sikusoma. Liweke mwanzoni kabisa, asije mtu akafika katikati ya maelezo haya akaanza kuniuliza cheti. Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, na nimekwisha kumwonya kwamba kazi yake ni kuandika nisemacho, wala si kukirembesha. Amenuna. Aandike na hilo.

Nilistaafu mwezi uliopita. Miaka yangu ya kazi niliimaliza katika chumba cha eksirei: Lodwar kwanza, Kakuma baadaye, kisha Lodwar tena mpaka mwisho. Ninyi wahudumu vijana mliouchukua ufagio wangu mliniomba niwaachie maneno machache juu ya kazi hii. Mliniomba kwa adabu, ingawa mlikuwa mmesimama juu ya sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki. Habari za vyeo nitawaachia waliovipata. Mimi nitasema habari za joto, za maji, na za chupa moja iliyotikiswa na mtu aliyedhani anatufanyia hisani.

Siku yangu ya kwanza Lodwar nilipokewa na Bwana Mwakio, mpiga picha wa eksirei, Mtaita mwembamba aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni katika mji ambao mbuzi wenyewe hugombania kivuli cha nguzo ya simu. Alinikabidhi ndoo, ufagio na Kiswahili. Ndoo na ufagio nilivizoea siku hiyo hiyo. Kiswahili ndicho kilichonitesa. Nilipoingia na maji na kutamka sentensi iliyopinda, hakuyapokea. Alinitazama kwa huruma nyingi, akasema, "Tena, Mama Ekai. Polepole." Nami nikasimama mlangoni na ndoo kichwani mpaka sentensi iliponyoka. Ndiyo sababu leo nasema hivi nisemavyo. Shingo yangu ilijifunza kabla ya ulimi.

Kazi yenyewe niliielewa upesi, kwa kuwa ilikuwa kazi ya maji. Filamu ya eksirei ikishapigwa huoshwa gizani katika dawa, na dawa hiyo hutaka ubaridi. Lodwar haina ubaridi. Dawa ikipata joto, picha hutoka nyeusi yote, na mfupa uliovunjika hupotea ndani yake kama sindano katika makaa. Kwa hiyo tulikuwa na sanduku la kupozea nyuma ya jengo: kuta mbili za wavu, makaa katikati, maji yakimiminwa kutoka juu, na upepo wa Lodwar, ambao hauna shughuli nyingine, ukipita humo siku nzima. Kumimina maji kulikuwa juu yangu. Joto lilipozidi niliomba barafu kwa muuguzi wa chanjo, naye aliilinda barafu yake kama baba alindavyo mahari ya binti wa pekee. Nilijifunza kumsifia watoto wake kabla ya kutaja barafu. Ninyi pia mjifunze.

Adui wa pili wa chumba kile hakuwa na joto, harufu wala rangi. Ni mionzi yenyewe. Kila mmoja wetu alivaa kifuani beji ndogo yenye kipande cha filamu ndani, na beji hiyo ndiyo iliyoona yale ambayo macho yetu hayakuyaona. Beji zilipelekwa Nairobi kusomwa, na jibu likarudi kusema ni kiasi gani cha mionzi kimempata nani. Mwaka mmoja Bwana Mwakio aliisahau yake juu ya meza, chini ya mashine, akaendelea kupiga picha za watu wiki nzima beji ikiwa imelala pale. Jibu la Nairobi liliuliza, kwa lugha ya heshima, iwapo mhusika bado yuko kazini. Tangu siku hiyo nilimsalimia kila asubuhi kwa kumwuliza kama bado yuko. Alijibu, "Bado, Mama Ekai. Fagia."

Kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma na watu kuwa wengi kuliko kivuli, nilihamishiwa huko. Kazi yangu ikawa ufagio, maji, na kutafsiri. Kwenye foleni ya asubuhi ungesikia Kiarabu cha Juba, Kisomali, na Kiswahili cha Kongo kinachokwenda kama mtu anayecheza ngoma. Mimi nilitafsiri Kiturkana tu, na kwa ukali. Wagonjwa wangu walikuwa wenyeji, wale waliouza kuni na makaa kambini, ambao walikuja kituoni wakiwa wamekwisha kujitibu kwa kila njia nyingine.

Ndivyo nilivyokutana na Atabo. Alikuwa mwanamke wa makamo, muuza kuni, mke wa pili wa nyumba yake, na mama wa mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya kwa mazoea zaidi kuliko kwa njaa. Daktari wa kituo alimpima akakuta saratani katika mlango wa uzazi. Haikuwa imekwenda mbali. Akaniambia nimweleze kwamba Nairobi ipo tiba: vijiti vyembamba vyenye mionzi huwekwa ndani ya mwili, karibu kabisa na ugonjwa, mgonjwa hulala peke yake kwa muda uliopangwa, kisha vijiti huondolewa. Akienda mapema atapona. Akichelewa hataokolewa na mtu.

Nilimweleza Atabo neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mtoto aliyekuwa akivuta shanga zake, akaniuliza, "Nikirudi na moto tumboni, huyu atalala wapi?"

Lazima niwaeleze alichokiogopa, kwa maana hakuwa mjinga. Katika njia ya Kitale kulikuwa na hadithi ya mwanamke wa Lokichar aliyetibiwa kwa vijiti hivyo, akarudi nyumbani, na mbuzi wake wote wakaharibu mimba. Mwanamke mwenyewe hakuna aliyemjua jina. Mbuzi walijulikana mpaka rangi zao. Kwa sababu ya mbuzi hao, wagonjwa kadhaa kabla ya Atabo walipanda gari kwenda Nairobi wakateremka Kitale na kurudi nyumbani kufa. Mtoto wa Atabo alilala na mama yake juu ya ngozi moja, kama walalavyo watoto wote kwetu. Atabo aliona heri afe akiwa baridi kuliko apone na kumchoma mwanawe usingizini. Nilimwambia daktari hatakwenda, na daktari akaninunia mimi, kana kwamba mbuzi walikuwa wangu.

Wakati huo huo niliteremka Lodwar kuchukua filamu, nikamkuta mgeni katika chumba cha Bwana Mwakio. Aliitwa Dakta Mumbua, Mkamba kijana wa Nairobi, daktari asiyetibu watu bali anayepima mionzi. Alikuja kukagua kama mashine yetu inavujisha. Hata hivyo mapenzi yake yote yalikuwa kwenye kisanduku cha barafu alichokiweka miguuni. Bwana Mwakio alikuwa amekwisha kumsimulia habari za Atabo. Dakta akafungua kisanduku, akatoa chupa mbili za kioo.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Ni jeli, mama. Inapikwa kwa jelatini, ile inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe. Unaongeza dawa fulani, unafukuza hewa yote, halafu unafunga."

"Umetoka Nairobi na ngozi ya kuchemsha," nikamwambia, "ukaileta Turkana? Sisi tumechemsha ngozi kila mwaka wa njaa, na hakuna aliyetuita madaktari."

Bwana Mwakio akakohoa. "Mwache, Mama Ekai. Ya kwake ina shahada."

Dakta Mumbua alicheka mpaka akalazimika kuiweka chupa chini. Nikampenda hapo hapo, ingawa sikumwonyesha.

Alipoinua chupa kwenye mwanga nilisogea karibu. Jeli ilikuwa angavu kama maji ya kisima yaliyotulia. Katikati palikuwa na tundu jembamba lililopitishwa kijiti cha mionzi, kijiti kile kile kinachowekwa ndani ya wagonjwa, na pande zote za tundu palikuwa na wingu jeupe, kama ute wa yai unapoanza kuiva. Wingu lilikuwa na ukubwa wa tunda la mkoma, kama ngumi ya mtoto. Nje yake, jeli yote ilikuwa safi mpaka ukingoni.

Akanieleza kwamba mionzi inapopita, ile dawa iliyomo hushikana na kuwa nyeupe. Inapopita kwa wingi, weupe huwa mzito. Inapofifia, weupe hufifia. Isipofika, hapabadiliki kitu. "Beji yenu inasema mionzi kiasi gani," akasema. "Jeli inasema kiasi gani na wapi." Kijiti kilipotolewa, wingu lilitulia. Alikuwa amefunga uzi mwekundu kuzunguka chupa mahali ukingo wa wingu ulipoishia, na wingu halikuuvuka uzi tangu siku ile.

Nikamwuliza kwa nini chupa ni mbili. Akasema zote zilipikwa pamoja na kuwekwa kijiti siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya kuonyesha watu. Ya pili ilikuwa kazi yake mwenyewe: alitaka kuipeleka mpaka nchi ya joto kuliko zote na kuirudisha Nairobi ikasomwe na mashine, ili ajue kama jeli inaweza kusafiri. Walimu wake walisema haiwezi. Alikuwa ameomba ruhusa ya safari hii kwa muda mrefu kwa ajili ya chupa hiyo ya pili. Mashine yetu ya eksirei, nikatambua, ilikuwa kisingizio.

"Na mtu akionja?" nikauliza, kwa kuwa nawajua watu wetu.

"Asionje. Ile dawa ni sumu."

Vijana, lishikeni hilo nalo. Katika chumba chetu hakionjwi kitu, hata kikifanana na chakula. Hasa kikifanana na chakula.

Tulikwenda Kakuma na msafara wa magari ya siku hiyo, polisi mbele na polisi nyuma, kama ilivyokuwa desturi ya njia ile katika miaka hiyo ya majambazi. Kisanduku kilikaa kiti cha mbele, juu ya mapaja ya Dakta. Mimi nilikaa nyuma, juu ya gurudumu la akiba. Barasa, dereva wetu, mtu wa Kitale, alikitazama kisanduku njia nzima.

"Mama Ekai," akaniita, "mimi nimebeba wagonjwa, nimebeba maiti, nimebeba hata kondoo ya mkubwa wa wilaya. Lakini hii ya kupakata uji, hii ni mpya."

"Angalia barabara," nikamwambia.

"Barabara gani?" Barasa akauliza, na hapo alikuwa na haki.

Tulifika nyumbani kwa Atabo jua likiwa linashuka. Mwenye nyumba hakuwepo, na hata angalikuwepo neno halikuwa lake. Neno lilikuwa la Nakai, mke mkubwa, mwanamke mrefu mwenye shanga mpaka masikioni, ambaye alimpenda Atabo kama dada mdogo na kumwamuru kama mbuzi. Tukasalimiana. "Ejoka?" "Ejok." Dakta akasema "Ejok" kwa kuchelewa, wakamsamehe.

Nilitafsiri yote. Dakta akaishika chupa dhidi ya jua, wanawake wa ua wakasogea. Akawaonyesha tundu, wingu, uzi. Akasema tiba inakaa hapa, karibu na ugonjwa, na hapa mbali haifiki. Na vijiti vikishatolewa hakibaki kitu ndani ya mama. Harudi na moto. Anarudi yeye tu.

Nakai akaizungusha chupa mkononi. "Hili wingu linakula?"

"Halili," nikatafsiri jibu. "Limetulia tangu kijiti kilipotolewa."

"Hayo ni maneno ya mgeni. Mgeni hulala, asubuhi ndipo unamjua. Mwambie aiache chupa ilale hapa. Wingu likibaki ndani ya uzi, Atabo atapanda gari. Likitoka, msirudi tena."

Dakta alikubali. Ilimbidi. Msafara wa kurudi ulikuwa uondoke kesho yake kabla ya adhuhuri, na kitanda kilikuwa kimewekwa kwa jina la Atabo Nairobi. Kikimpita, angepewa mwingine, nasi tusingeweza kujua zamu itarudi lini, ilhali ugonjwa wake haukuwa wa kusubiri zamu. Akaifunga chupa kwa gunia lililoloweshwa, akaacha maagizo: msiiweke juani, msiifungue, msionje. Nilitafsiri yote matatu na nikaliongezea la tatu ukali wangu mwenyewe. Atabo alianza kufunga mzigo wake tulipokuwa bado tunaaga.

Asubuhi tuliporudi, mzigo ulikuwa umefunguliwa. Atabo alikaa chini akiwa amempakata mtoto, hakutuinulia macho. Wanawake walikuwa wamejaa uani. Nakai alisimama katikati akiwa ameishika chupa mbele yake, mbali na tumbo lake.

Chupa yote ilikuwa nyeupe. Uzi mwekundu ulikuwa mahali pake, umefungwa vizuri, na weupe ulikuwa juu yake na chini yake, mpaka shingoni mwa kioo. Tundu halikuonekana tena. Ingeweza kuwa chupa ya maziwa.

"Limekula yote," Nakai akasema. "Usiku mmoja tu. Na ndani ya kioo. Ndani ya mtu je?"

Dakta Mumbua akaipokea chupa, akaiinamisha, na kilichokuwa jeli kikatiririka. Nilimwona akielewa nusu ya jambo. "Imeyeyuka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Gunia limekauka. Lakini kuyeyuka tu hakuwezi kuifanya hivi. Wingu lingeshuka chini, lingekaa. Hii imechanganyika, mama. Sijui kwa nini."

Mimi nami nisingalijua, kama nisingalizaliwa katika ua kama ule. Juu ya ule weupe palikuwa na povu. Kila mwanamke aliyekuwepo pale alilijua povu hilo tangu utoto wake, na hakuna aliyeliona kwa sababu lilikuwa mahali pake pa kila siku.

"Nani ameitikisa?" nikauliza.

"Mimi," Nakai akasema, bila hata kupepesa jicho.

"Wewe!"

"Sasa nani mwingine? Mmeniachia chombo kilichofungwa, kina kitu cheupe ndani, kisha kikawa majimaji. Nilikaa alfajiri nikisubiri maziwa ya ngamia, chupa ikiwa magotini. Mikono ilifanya kazi yake. Ulitaka nimrudishie mgeni chombo chake bila kukishughulikia? Watu wangesemaje?"

Hapo lazima niwaeleze ninyi mliokulia mjini, akiwemo huyu anayeandika, ambaye siagi anaijua ya kopo. Kwetu maziwa hutikiswa kibuyuni magotini mpaka mafuta yajitenge. Mwanamke aliyekaa na chombo cha namna hiyo hatulizi mikono. Anaongea, anacheka, anagombeza watoto, na chombo kinakwenda na kurudi. Dakta alikataza jua, kufungua na kuonja. Hakuna aliyekataza kutikisa, na hata angekataza, nadhani Nakai angekubali kwa moyo wote huku akitikisa.

Wanawake walicheka. Mmoja akauliza kama mafuta yalipatikana. Dakta, nilipomtafsiria, alijishika kichwa, akacheka pia, kicheko cha mtu aliyeangukiwa na kitu kisicho kizito sana. Nilidhani mambo yamekwisha.

Atabo hakucheka. "Mama Ekai," akasema, "huenda kutikiswa kumelisaidia tu kula. Mimi nabeba kuni. Natembea. Ninainama. Mimi ninatikiswa siku nzima."

Kicheko kikakatika. Lilikuwa swali la haki. Kwa mbali tulisikia honi ya Barasa. Magari yalikuwa yameanza kujipanga.

Dakta Mumbua aliniomba nirudie maneno ya Atabo, nikayarudia. Kisha akaenda kwenye gari, akarudi na kisanduku, akatoa chupa ya pili. Ilikuwa baridi, yenye umande, angavu. Wingu lilikuwa ndani ya uzi wake, dogo, jeupe, limetulia. Akampa Nakai. "Mwambie hii ni pacha wa ile. Kijiti siku moja, wingu siku moja. Ile imelala kwenye joto, hii imelala kwenye barafu. Mwambie aangalie uzi."

Nakai aliangalia uzi kutoka kila upande. "Hii haijala," akakiri.

"Sasa mwambie nitaiweka juani mbele ya macho yenu, iyeyuke. Kisha aitikise yeye mwenyewe. Mtaona weupe unatoka wapi. Kijiti hakipo hapa. Kijiti kiko Nairobi."

Sikutafsiri mara moja. "Dakta," nikamwambia kwa Kiswahili, "hiyo ndiyo chupa yako."

"Najua ni ipi."

"Na kule Nairobi utasema nini?"

"Nitasema jeli haikuweza joto la Turkana." Akaifuta chupa umande kwa kanga yake, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso kabla ya safari. "Nitapika nyingine, Mama Ekai. Huyu mama siwezi kumpika mwingine. Tafsiri."

Nikatafsiri. Akaiweka chupa juu ya jiwe, kwenye jua.

Tulisubiri. Jua la Kakuma halihitaji kubembelezwa. Umande ulikauka, ukingo wa jeli ukaanza kutetereka, na hatimaye wingu likainama ndani ya chupa kama mzee anayesinzia kwenye baraza, likashuka mpaka chini na kukaa huko, jeupe, pamoja. Juu yake palibaki angavu. Honi ya Barasa ililia tena, ndefu, na mmoja wa wanawake akamtukana kwa Kiturkana tusi ambalo Akiru hataliandika.

Dakta akampa Nakai chupa. Nakai akakaa chini, akaiweka magotini, na mikono yake ikafanya ile kazi iliyoijua. Alipoinua chupa, ilikuwa nyeupe yote, na povu juu.

Akaitazama. Akaitazama na ile ya kwanza, moja kila mkono, hakuna mtu ambaye angeweza kuzitofautisha.

"Basi aliyekula chupa si moto," akasema polepole. "Ni mimi."

Alinyanyuka, akampa Dakta chupa zake mbili zilizoharibika, akaingia nyumbani. Tulimsikia akipekua vitu. Alitoka na ngozi yake ya kulalia imekunjwa kwapani, kigoda, na fimbo.

"Unakwenda wapi?" Atabo akamwuliza.

"Nairobi. Kama ubaya uko katika kutikisa, lazima awepo mtu wa kukataza. Funga mzigo. Unakaa tu kama mgeni?"

Mume wao alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani akitokea kisimani. Aliambiwa katika sentensi moja kwamba anabaki na mbuzi, na watoto wa nyumba mbili, na huyo mdogo anayepiga kelele akiachishwa ziwa. Alibaki amesimama na uso wa mtu aliyetozwa ushuru wa kitu asichokinunua.

Tuliuwahi msafara, ingawa kwa shida. Mimi na Dakta tulikaa nyuma, juu ya gurudumu la akiba, kwa sababu Nakai alichagua kiti cha mbele na kumweka Atabo kando yake. Kila shimo alimpiga Barasa begani. Barasa hakujua Kiturkana, ila alipofika Lodwar alikuwa amejua neno moja la lugha hiyo, nalo ni polepole. Bwana Mwakio alitupokea mlangoni, akaziona chupa mapajani mwa Dakta, nyeupe zote mbili. Akaniangalia, nikatikisa kichwa asiulize. Akampa Dakta kiti, na chai, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona akifungua kifungo cha shingoni. Chupa alizichukua Dakta mwenyewe akaondoka nazo, maana ile ni sumu na haitupwi ovyo. Nakai alikuwa amekwisha kuiomba moja ya kuwekea mafuta yake ya kujipaka. Nilimkatalia kabla hajamaliza.

Kama mnataka fundisho la kazi kutoka katika hayo yote, lichukueni hili dogo: mtu akikabidhiwa kitu asichokijua, mtazameni kwanza mikono yake imezoea nini, ndipo mseme maagizo. Baada ya hapo niliuliza hivyo siku zote, na nilionekana mtu wa maswali ya ajabu.

Walirudi baada ya miezi kadhaa, kwa msafara wa magari kama walivyoondoka. Nilikuwa nimetoka zamu, nikawasindikiza mpaka nyumbani. Atabo alikuwa amekonda, lakini alitembea kwa miguu yake na alibeba mzigo wake. Alipofika kwenye ua akasimama nje. Mtoto alimtambua akamkimbilia, na Atabo akarudi nyuma, mikono ameificha mgongoni. Miezi yote ile alikuwa ameambiwa na kila mtu mwenye koti jeupe kwamba hana kitu ndani. Na bado akarudi nyuma.

Nakai akaweka kigoda chini. "Wewe," akasema. "Tangu siku walipovitoa vile vijiti nimelala kando ya kitanda chako, juu ya sakafu, kama mbwa. Nitazame. Nimepungua nini?"

Tukamtazama sote. Hakuwa amepungua chochote. Nairobi ilikuwa imemnenepesha mpaka shanga zimembana shingo. Mume wao ndiye aliyeanza kucheka, kisha wanawake, kisha Nakai mwenyewe kwa hasira, na wa mwisho kucheka alikuwa Atabo. Alipoacha kucheka, mtoto alikuwa mikononi mwake.

Kesho yake asubuhi nilipita hapo nikienda kazini. Juu ya miiba ya ua palikuwa pameanikwa ngozi moja tu ya kulalia, ya mama na mtoto, na ilikuwa imelowa upande mmoja, upande wa mtoto.